Usizizibe hizo breki

Baba Neema, salamu nyingi.

Sisi wazima, na Mama Zuhura anakusalimu wewe na wote wa hapo nyumbani. Mengine nitakuandikia siku nyingine, maana ujumbe wako wa jana usiku umeninyima usingizi. Umesema gurudumu la kushoto la trela la boti lilitoa moshi, ukaligusa likakuunguza vidole, na sasa unataka kuiziba paipu ya breki ili safari ya Jumamosi isivunjike. Nakuomba, ndugu yangu, usiizibe. Watoto watakuwa ndani ya gari hilo, na ule mteremko unaujua kuliko mimi.

Nadhani unaziona breki zile kama kitu cha ziada kwa sababu hakuna waya wala paipu inayotoka kwenye gari kwenda kuziendesha. Hazihitaji. Zinaendeshwa na uzito wa trela lenyewe. Gari likipunguza mwendo, trela bado linakuja, linasukuma. Kile kichwa kinachokaa juu ya mpira wa chuma nyuma ya gari kina vyuma viwili, kimoja kinateleza ndani ya kingine. Kikisukumwa kinabana masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki, na mafuta yanakimbilia kwenye magurudumu. Ukikanyaga kwa nguvu, trela nalo linasukuma kwa nguvu, kwa hiyo linajizuia kwa nguvu ile ile. Ukiliondoa gari, kichwa kinavutika na masta inaachia. Ndiyo maana watu wa boti wanazipenda: trela linaingia majini kila safari, na breki za umeme hazipatani na maji. Ukiiziba paipu, uzito wote ule utabaki mgongoni mwa breki za gari peke yake.

Za kwako zinabana vizuri, ila haziachii. Kinachotafutwa ni kile kinachozishikilia, basi.

Na mimi yalinikuta, unakumbuka ule usiku shemeji alipolala na viatu. Nilinunua kalipa mbili mpya, vile vifaa vinavyozibana pedi kwenye diski, nikafunga, wiki iliyofuata gurudumu likawaka tena. Kumbe ilikuwa hosi ya mpira, kipande kifupi tu. Kwa nje ilikuwa safi kabisa, kwa ndani imevimba. Masta inayasukuma mafuta kwa nguvu, yanapenya kwenda. Kurudi hakuna cha kuyasukuma, yanabaki yamefungiwa kwenye kalipa na pedi zinaendelea kusugua diski njia nzima. Hebu fikiria pesa zile za kalipa. Mpaka leo zinaniuma.

Kwa hiyo usinunue chochote kwanza. Trela likiwa limefungwa kwenye gari mahali tambarare, zuia gurudumu la upande wa pili, piga jeki, ulizungushe lile lililochemka kwa mkono. Likiwa limekwama, legeza kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, presha ilikuwa imefungiwa. Lisipolegea, ugonjwa uko hapo hapo: pini za kalipa zimeshika kutu, au pistoni imeganda. Kama ni presha, ifanye breki ibane tena, halafu legeza paipu pale inapotoka kwenye masta. Gurudumu likiachia, tatizo liko mbele kwenye masta au kile chuma kinachoteleza. Likiendelea kubana, ishuku hosi. Weka kitambaa chini, mafuta ya breki yanakula rangi.

Subiri, kuna kitu nimekikumbuka. Ulisema harufu ilianza baada ya ile kona kali ya getini. Iangalie kebo nyembamba ya dharura, ile inayofunga breki trela likichomoka kwenye gari. Ikifungwa fupi, kona moja tu inaivuta, na ikishavutwa breki zinabaki zimefungwa mpaka uiachie kwa mkono. Anza na hiyo kabla ya jeki. Lakini hiyo ingechemsha magurudumu yote mawili, na wewe umetaja la kushoto tu. Au la kulia hukuligusa?

Lile la trela kugoma kurudi nyuma ulilolalamikia mwezi uliopita ni jambo jingine. Ukirudi nyuma unakisukuma kile kichwa sawasawa na unapofunga breki. Kwenye breki za diski kuna solenoidi, vali ya umeme inayozuia mafuta taa ya rivasi ikiwaka, na inapata umeme kutoka kwenye gari kwa waya wa tano wa plagi ya trela. Waya huo usipofika, trela linakung'ang'ania.

Moshi ukishatoka, na mafuta ya breki yamepikwa. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yanavuta unyevu, na yakishaunyonya yanaweza kuchemka kwenye 140 hivi. Yakichemka yanageuka mvuke, mvuke unabanika, na breki zinapotea wakati ule ule unapozihitaji. Yabadilishe yote, toa upepo ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Fungua na beringi uitazame grisi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Tena usiliteremshe trela majini magurudumu yakiwa ya moto. Hewa ya ndani inapopoa ghafla inavuta maji kupitia sili, na beringi ndiyo imekufa. Ngoja yapoe mpaka uweze kuyashika.

Sasa nijibu haya leo leo, hata kwa kifupi. Gurudumu la kulia lilikuwa la moto au la? Kebo ya dharura umeifunga wapi, na imelegea kiasi gani? Hosi ile ina umri gani, au ni ile ile ya mwenye boti wa kwanza? Na kile kichwa ulichobadilishiwa mwaka jana, kilitoka kwenye trela la breki za ngoma? Nauliza kwa sababu masta ya breki za ngoma mara nyingi ina vali inayobakiza presha kidogo, na presha hiyo kwenye diski inatosha kuzifanya pedi zisugue muda wote. Mlipotoka majini mara ya mwisho, mliyaosha magurudumu kwa maji baridi yasiyo na chumvi? Na Jumamosi haiwezi kusogezwa wiki moja? Nina hosi mpya ya akiba na jeki nzuri. Ukisema ndiyo, Ijumaa jioni nitakuwa mlangoni kwako.

Rafiki yako,
Baba Zuhura