Barua kwa Mama Pacha kuhusu nyumba ya Section 58

Nakuru,
12 Aprili 2025.

Mpendwa Mama Pacha,

Hujambo dada, na pacha hawajambo? Huku kwetu tuko salama. Shemeji yako anakusalimu sana, mguu wake umepata nafuu na sasa anafika dukani na kurudi bila mkongojo. Mvua ya masika imeanza, lile vumbi letu limetulia, na jioni ukitazama mlima Menengai unaona kijani kitupu.

Ujumbe wako wa simu niliusoma mara tatu. Umeuliza swali fupi: ukarabati nyumba yako ya hapa Nakuru, mtaa wa Section 58, kwanza ndipo uiuze, au uiuze jinsi ilivyo? Nilianza kukujibu palepale nikafuta. Jambo lenyewe ni zito na haliwezi kuenea kwenye kioo cha simu, tena ni nyumba ninayoijua kama yangu. Basi nimeketi mezani nikuandikie kama zamani.

Jumanne nilichukua funguo nikaenda na fundi, yule aliyenijengea jiko la nje. Nilichagua siku hiyo makusudi kwa sababu usiku wake mvua ilinyesha hadi alfajiri, na nyumba haiwezi kukuficha kitu asubuhi ya mvua. Michongoma imepanda hadi imefunika nusu ya geti, ilibidi tuingie kwa ubavu. Ndani kuna harufu ya unyevu, lakini si mbaya kama nilivyoogopa. Dari ya ukumbini, pale karibu na bafu, imefanya doa la kahawia kubwa kama sinia, na ubao umelegea ukaning'inia. Moyo ulishtuka, nikadhani paa limetoboka. Fundi akapanda na tochi akaniita nitazame. Paa ni kavu kabisa. Ni lile tangi la juu ya dari: koki yake ya boya imeliwa na kutu, haifungi, maji yanafurika kidogo kidogo usiku kucha. Hiyo ni kazi ya nusu siku. Nilifunga maji kwenye mita kabla ya kuondoka, kwa hiyo usishangae bili ikishuka.

Sasa ule ufa wa chumba cha nyuma, najua ndio unaokunyima usingizi. Nilikuwa nimeuwekea alama mwezi wa pili bila kukwambia. Nilichora kistari cha penseli pale ncha ya ufa ilipoishia juu ya dirisha, nikaandika tarehe kando yake. Unajua udongo wetu wa Nakuru ni majivu ya volkano, maji yakiupata vibaya unadidimia, na tumeona pande nyingine za mji ardhi ikipasuka wakati wa mvua kubwa. Kwa hiyo nilitaka kujua kama nyumba inatembea au ilishatulia. Jumanne nikapanda kiti nikatazama. Ncha ya ufa iko palepale kwenye kistari, haijapita hata unene wa penseli. Ukucha unaingia, sarafu ya shilingi kumi haiingii. Tukazunguka nje tukaona chanzo: mfereji wa paa kwenye pembe hiyo ulishavunjika, na maji yote ya upande ule yanamwagika kwenye msingi mahali pamoja. Pamefanya shimo unaweza kuficha sufuria. Mfereji ukirudishwa na maji yakaelekezwa mbali, nadhani ukuta huo utakaa miaka.

Fundi alitaka auzibe kwa saruji apake rangi, "mnunuzi asione." Nilikataa, na naomba na wewe ukatae. Mtu akitoa jasho lake la miaka ishirini kununua nyumba ana haki ya kuona ufa. Mwonyeshe, mwonyeshe na kistari cha penseli na tarehe yake, hapo atakuamini hata kwa yale asiyoyaona.

Kuhusu paa lenyewe nina neno zito kidogo. Nyumba ilijengwa 1983, na zile bati za kijivu zenye kuvu ni asbesto. Nchi yetu ilizipiga marufuku mwaka 2006. Likiwa zima limetulia hapo juu halina shari kubwa. Shari ni kulikata, kulitoboa, kulivunja au kulisugua kwa brashi, maana nyuzi zake hazionekani kwa macho, zikivutwa hukaa mapafuni, na ugonjwa wake, ikiwemo saratani, hujitokeza miaka mingi baadaye. Fundi wangu ni mtu mwema, lakini alichoniambia kilinitisha. Alisema ataleta vijana wawili, watalivunja kwa nyundo, vipande wazike pale chini ya mparachichi. Dada, usikubali jambo hilo hata ukipewa bure. Kuliondoa kunafanywa na watu wenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, wakiwa wamevaa vya kujikinga, na mabaki yanazikwa mahali palipoidhinishwa. Ndiyo maana gharama yake ni kubwa. Na ndiyo maana pia sitaki mtu apande juu "kupaka paa rangi ling'ae" kama ulivyokuwa umependekeza. Kabla ya rangi watalisugua, na hapo ndipo madhara.

Nilimwambia fundi anikadirie kazi yote uliyoiorodhesha: paa jipya, jiko jipya lenye kabati na granaiti, vigae sakafuni, bafu, dari ya jipsamu, rangi ndani na nje. Akaniletea 1,150,000. Na hiyo ni kabla ya kulipa watu wa asbesto. Halafu nikamuuliza dalali, bila kumwambia kwa nini, nyumba ya namna hiyo ikiwa imepambwa ingetoka kwa ngapi na ikiwa ilivyo ingetoka kwa ngapi. Akasema ilivyo, milioni nane. Ikipambwa, labda tisa, akirudia lile neno "labda" mara mbili. Wewe ulifundisha hesabu, mimi nilifundisha Kiswahili, lakini hata mimi hiyo naiona.

Hukuniuliza juu ya nyumba yetu ya mtaa wa Kiti, kwa heshima, lakini acha niiseme. Mwaka 2016 tulikopa kwenye chama tukatia 620,000 ili tuiuze kwa bei nzuri. Mkandarasi alichukua malipo ya awali akapotea wiki sita, akarudi na kabati ambazo milango yake haikufunga. Kazi ya mwezi mmoja ikachukua miezi mitano, na muda wote huo riba inapanda na nyumba imekaa tupu. Tulipouza hatimaye, tuliongezewa kama laki tatu juu ya ile bei ya kwanza tuliyoikataa. Siku ya kukabidhi funguo mama aliyenunua alisimama jikoni, jiko nililolichagua rangi kwa wiki nzima, akamwambia mumewe, "Hizi tutang'oa." Nilirudi nyumbani nikalia. Kila mtu ana jiko lake kichwani, Mama Pacha, na huwezi kumnunulia mgeni jiko lake.

Kuna jambo jingine lililobadilika tangu uhame. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021, watu wanaokuja kutazama upande wetu si wale wa zamani. Wiki jana dalali alileta bwana mmoja. Nilimfungulia mlango, nikawasha taa, hakuingia. Alisimama getini akaanza kutembea kwa hatua ndefu hadi ukuta wa nyuma akihesabu, kisha upande hadi upande. Akaniuliza kama laini ya maji taka inapita mbele au nyuma, na kama lori la mawe linaweza kukata kona pale kwenye nguzo ya stima. Hakuuliza vyumba ni vingapi. Huyo ananunua kiwanja chako cha futi hamsini kwa mia ili apandishe ghorofa, na siku ya pili baada ya malipo vigae vyako vyote vitakuwa kifusi. Ndiye aliyetaja milioni nane.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba wote ni wa aina hiyo. Alhamisi walikuja mume na mke vijana. Yule bibi aliingia moja kwa moja jikoni, akafungua bomba, akasubiri, akafungua la moto, akavuta maji ya choo, akawasha kila swichi. Hao wanatafuta mahali pa kuishi, na wananunua kwa mkopo wa benki. Benki itatuma mthamini wake, naye ataandika kila kitu: paa la asbesto, ufa, waya. Mtu wa namna hiyo hahitaji granaiti. Anahitaji kuona maji yanatoka, taa zinawaka, mlango unafunga, na hakuna harufu. Kwa hiyo nilimwambia fundi aandike orodha fupi: koki ya tangi na ubao wa dari pale palipoharibika, mfereji wa paa (ufungwe kwenye ukuta, paa lisiguswe), vioo vitatu vilivyovunjika, soketi ya sebuleni inayotoa cheche, kuzibua sinki, rangi nyeupe vyumba vya ndani, kukata michongoma na kupaka geti. Jumla 84,000. Hiyo nakuomba uikubali. Zaidi ya hapo sioni.

Pesa kidogo itakayobaki tia kwenye karatasi, maana nyumba nyingi hapa mjini zimekwama kwenye karatasi. Ulinunua kwa mkopo. Ulipomaliza kulipa, je, ile rehani ilifutwa kwenye rejista ya ardhi, au una barua tu ya kwamba hudaiwi? Lipa reti za kaunti upate cheti chake, na kwa kuwa hati yako ni ya kukodisha, lipa pia ile kodi ya serikali kuu, uangalie imebaki miaka mingapi. Mnunuzi ana mzigo wake wa asilimia 4 ya ushuru wa stempu, akiona na wewe una madeni anarudi nyuma.

Halafu ushuru wa faida. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, si 5 tena, na anayelipa ni wewe muuzaji. Mtu aliyekaa kwenye nyumba yake mfululizo miaka 3 hadi kuiuza anasamehewa, lakini wewe ulihamia Mamboleo, huko Kisumu, Agosti 2023, kwa hiyo mwulize wakili mapema. Dalali alijaribu kunishawishi kwamba ukikarabati "serikali inakurudishia." Si hivyo. Gharama ya kuboresha au kuhifadhi nyumba inapunguzwa kwenye hesabu ya faida ukiwa na risiti, ni kweli, lakini ukitumia 1,150,000 unaokoa ushuru wa 172,500 tu. Iliyobaki imetoka mfukoni mwako. Hata hizo 84,000 nitakutunzia kila risiti.

Sasa niseme lile ambalo hukuliandika ila nililisoma. Unaona aibu watu waingie wakute nyumba ya marehemu mume wako imebambuka rangi. Nakuelewa, dada. Nilipomaliza na fundi nilibaki nyuma peke yangu, nikakaa kwenye lile benchi la saruji tulilosahihishia mitihani ya majaribio ya KCPE usiku stima ikipotea, wewe na karabai, mimi na chai. Wino mwekundu uliomwagika bado upo, umekuwa rangi ya matofali. Nilimwambia fundi asiupake rangi. Nyumba ile ilitunzwa vizuri na watu wawili wenye mshahara wa mwalimu, wakalea watoto ndani yake, na haidai granaiti ili iheshimike.

Uliniambia akiba yako ni 900,000, na nyumba unayojenga Maseno imefika kwenye linta ikasimama. Mvua hii inanyeshea kuta zako kule, na tofali lisilo na paa linakula maji kila siku. Ukiniuliza mimi, toa 84,000 huku, weka pembeni ya wakili, na inayobaki nunua mbao na mabati ya Maseno kabla ya mwezi wa sita. Yule wa milioni nane asikukimbize, anaweza kuongeza. Nilimwona alivyohesabu hatua mara ya pili.

Anarudi Jumamosi, na wale vijana wanakuja Jumapili baada ya kanisa. Fundi anataka kuanza na mfereji Alhamisi, mvua haijazidi. Nipigie kabla ya hapo uniambie nimpe kazi au la, na kama una ile barua ya mkopo ipige picha unitumie.

Wasalimie pacha. Mwambie yule mdogo kwamba mparachichi wake umezaa mwaka huu. Nimekutumia gunia moja kwa matatu ya Kisumu, ulitafute kituoni Jumatano.

Wako akupendaye,
Mwalimu mwenzako wa Nakuru.