Mwanza ni mteremko? Hebu panda Mabatini

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyeandika kwamba maisha ya Mwanza ni mteremko ukilinganisha na Dar es Salaam. Mteremko! Mimi nakaa Mabatini, juu kule kwenye mawe.

Mimi ni fundi cherehani. Niliishi Mbagala miaka tisa nikishona Kariakoo, nikarudi nyumbani 2019. Mbagala chumba nililipa Sh70,000 kwa mwezi, hapa Sh35,000, na mwenye nyumba anapokea ya miezi mitatu, si sita. Kwenye kodi simbishii.

Ila maji ya bomba hayapandi huku. Bodaboda inaishia dukani kwa Mangi, kuanzia hapo ni kukanyaga mawe. Dumu la lita 20 kule chini ni Sh50, likifika mlangoni kwangu ni Sh500, maana kijana anayebeba naye ana magoti yake. Tunatumia sita kwa siku. Matatu nabeba na binti yangu alfajiri, matatu nanunua. Piga hesabu ya mwezi: ya kununua peke yake Sh45,000, imeizidi kodi, na ziwa nalitazama dirishani.

Halafu samaki. Ndugu zangu wa Dar wanadhani tunashindia sato. Sangara mnene anakwenda kiwandani, minofu yake inapelekwa Ulaya. Mboga yetu ni dagaa, nao wana kalenda yao: wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikomaa wavuvi wanapumzika na bei inapanda. Siku hizi naangalia kwanza mwezi ndipo niende sokoni Mwaloni, Kirumba.

Zipu, uzi na vitenge naagiza kulekule Kariakoo. Vinasafiri zaidi ya kilomita 1,100, na nauli yao naikuta kwenye bei. Mteja wa hapa bei ya Dar hataki kuisikia. Gauni la Sh25,000 kule, hapa naanzia 15,000, na akija kulichukua bado anabembeleza nimpunguzie elfu mbili.

Pamoja na hayo, Dar sirudi. Nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri, foleni ya Barabara ya Kilwa inanirudisha saa tatu usiku, mtoto kalala. Akiumwa alikuwa anamlilia jirani, si mimi. Hilo liliniuma kuliko kodi. Hapa kibanda changu kiko chini tu barabarani. Akitoka shule anakaa chini ya meza ya cherehani na daftari lake, akimaliza hesabu anaokota vipande vya kitenge anamshonea mdoli wake sketi. Mshono umepinda, lakini anajua kukunja pindo.

Msomaji huyo akipita Mwanza, karibu sana kwangu, chai ipo. Ila apande na dumu moja.

Mama Fundi,
Mabatini, Mwanza