Barua kwa Mwanangu Kabla ya Safari ya Dodoma

Mwanangu Bakari,

Nimeamua kukuandikia ingawa chumba chako hakiko mbali na baraza hii niliyoketi, kwa sababu kila nilipojaribu kuzungumza nawe wiki hii nimejikuta nazungumza na utosi wako. Barua hii nitaipitisha chini ya mlango, pale unapotokea mwanga wa simu yako hadi saa nane za usiku.

Msibani juzi, Mzee Kombo alikunyooshea mkono nawe ukampa wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa na simu. Najua hukukusudia kumdharau. Hata hukutambua umempa mkono gani, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana mwenye kiburi huonywa akasikia, ila asiyejiona sijui huonywa vipi. Mzee aliupokea ule mkono, akaushika kitambo, kisha akanitazama mimi.

Umepata daraja la kwanza, na mama yako amewatangazia hata wavuvi wanaopitisha ngalawa huku Pangani. Mimi sikusema mengi, lakini ile karatasi ya matokeo naitembeza mfukoni mwa koti.

Sisemi kwamba wewe ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limeiweka michezo ya kompyuta na simu katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, pale mtu anaposhindwa kujizuia, akauweka mchezo mbele ya mambo mengine yote, na akaendelea nao ingawa unamharibia maisha, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Kutazama tu mitandao ya kijamii hakumo katika orodha hiyo, nami si daktari. Australia tangu Desemba 2025 imewazuia watoto walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, lakini wewe una miaka 19 na hakuna serikali itakayokuzuia.

Gazeti nililokuwa nikisoma lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Ukiufikia, unalikunja na kumtazama aliyeketi karibu nawe. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, alibuni ukurasa usiokwisha, unaojiongeza kila unapousogeza kwa kidole, na baadaye akakiri hadharani kwamba anajuta. Kwa hiyo unapojiambia kila usiku kwamba utamaliza kisha ulale, unangoja mwisho ambao haukuwekwa.

Huko Dodoma, bwenini, utaishi na wenzako usiowachagua. Atakuwepo mmoja anayesimulia polepole, mwingine mwenye kununa, na hawa hawarukwi kwa kidole kama video isiyokupendeza. Kumngoja mtu amalize neno lake ni kazi inayotaka mazoezi, nawe mwaka huu mzima hukuyafanya. Hata dukani siku hizi unaonyesha sukari kwa kidole bila ya kumwuliza muuzaji hali yake. Ukipewa mkono huko, tafadhali, uwe na mkono wa kuupokea.

Mama yako ameniambia niandike pia kwamba simu hiyo niliinunua mimi, mwaka ule alipolazwa Bombo, nikataka utulie ndani nisiwe na wasiwasi wa kukutafuta. Ulitulia kweli, nami niliwasifia watu utulivu wako. Ameniambia vilevile kwamba jana aliniuliza mara tatu kama chumvi imekolea, nami nilikuwa nikitazama magoli yaliyotumwa kwenye kundi la wastaafu. Hayo yapo.

Ukifika, piga simu. Usinitumie kikaragosi cha kidole gumba, kwani siwezi kujua kutoka kwenye kidole kama umekula. Vifurushi vya usiku usinunue, hata viwe rahisi namna gani.

Ndoo yako nimeifunga kwa kamba ya mnazi, ndani mna dagaa na unga wa muhogo, usiifungue njiani. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja dhaifu, mama yako anamnywesha maziwa kwa chupa. Makuti ya jiko yatangoja nipate pensheni. Godoro lako Mwanaidi ameshaliomba, nami nimemwambia asubiri walau basi liondoke.

Mzee Kombo atakuwepo kituoni alfajiri, anamsindikiza mjukuu wake. Mizigo yako yote nitaibeba mimi.

Baba yako