Harambee ya Uanagenzi wa Teknolojia, Lamu: Posho Kwanza, Kompyuta Baadaye

Assalaam alaykum wazazi, mafundi, na watoto wa Lamu mlioko Mombasa, Nairobi na ng'ambo.

Matondoni jahazi haliundwi kwa cheti. Kijana hukaa kando ya fundi, huanza kwa kushika msumari na kukalafati, mpaka siku anapoachiwa ubao peke yake. Tunataka ufundi wa simu, kompyuta na mtandao ufundishwe hivyo hivyo, na benchi lipokee wale ambao kwa kawaida hawafiki hata mlangoni: wasichana, vijana viziwi, na waliomaliza kidato cha nne kwa alama zisizowafungulia chuo.

Tunachanga shilingi 800,000 kwa wanagenzi 8, kwa miezi 12. Wasichana wasipungue 4, viziwi wasipungue 2.

Msione kuwa ni sadaka tu. Simu ya mwanamke ina picha zake za nyumbani, na wengi huiacha ife kuliko kumkabidhi fundi wa kiume asiyemjua. Mtandao wa nyumbani ndio zaidi. Kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene. Masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 5 hufifia kwenye ukuta wa kwanza, na ya 2.4 hayaendi mbali sana. Dawa ni kuvuta waya hadi vyumba vya ndani, na huko fundi wa kike huingia bila kumsubiri mwenye nyumba arudi. Tutawatuma wawili wawili, ili wazazi wasiwe na la kuuliza.

Kwa kiziwi, kulehemu kunataka jicho na mkono uliotulia tu. Kuna jambo dogo ambalo wanunuzi hulisahau: multimita (kipimo cha umeme) nyingi hutoa mlio zikigundua njia ya umeme haijakatika. Zetu ziwe na taa pia.

Miezi mitatu ya kwanza ni simu. Hapa nyingi huanguka baharini, na watu huzizika ndani ya mchele. Mchele hauondoi chumvi. Chumvi hubaki juu ya bodi ya ndani ya simu na shaba hugeuka kijani. Mwanagenzi atafundishwa kuzima, kufungua, kutoa betri kabla ya kitu kingine chochote, kusuuza bodi kwa maji yaliyotoneshwa, kuisugua kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kisha kuikausha kabisa kabla ya kujaribu umeme. Kulehemu huanza kwenye bodi mbovu, pasi ya kulehemu ikiwa karibu nyuzi 350. Kosa la kila anayeanza ni kupandisha moto risasi ya kulehemu isipoyeyuka, na vipande vya shaba vikabanduka kwenye bodi. Mara nyingi moto unatosha, ila ncha ya pasi ni chafu.

Baadaye kompyuta, kisha mtandao. Waya wa mtandao wa aina ya Cat6 hauzidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Sokoni kuna waya rahisi wa alumini uliopakwa shaba: kwaruza uzi wake kwa kisu, ukiwa mweupe ndani uache. Hukatika upesi, na kamera inayopata umeme kupitia waya huo huzimazima.

Kila mwanagenzi atakuwa na mkataba uliosajiliwa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na daftari la kazi linalotiwa saini na fundi kila Alhamisi. Bila daftari, mwanagenzi hugeuka mtoto wa kutumwa chai. Fundi mmoja hapewi zaidi ya wawili. Mwisho wa mwaka ni mtihani wa NITA wa Grade III, daraja la kuanzia.

Sasa pesa. Wafadhili hupenda kutoa kompyuta, maana kompyuta hupigwa picha. Lakini kinachomtoa kijana kwenye benchi mwezi wa tatu ni nauli ya mashua na chakula cha mchana. Nyumbani huulizwa analeta nini, na hana jibu. Ndiyo maana posho imekula zaidi ya nusu. Ni shilingi 6,000 kwa mwezi: miezi sita ya mwanzo yote inatoka kwenye harambee, miezi sita ya pili fundi analipa nusu kwa kuwa kufikia hapo mwanagenzi anamwingizia. Hiyo ni 432,000. Vifaa vya mkononi, yaani bisibisi, pasi, multimita na koleo la waya, ni 14,500 kwa kila mmoja, jumla 116,000. Laptopu 4 zilizotumika, moja kwa watu wawili, 112,000. Kipuliza hewa moto, hadubini ya meza na vipuri, 60,000. Mtihani, bima na mashua ya wanaotoka mbali, 80,000.

Atakayetoa 6,000 amebeba mwezi mmoja wa mwanagenzi mmoja. Mweka hazina atatoa risiti, na hesabu zitabandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi.

Asiye na fedha alete simu na rauta zilizokufa, tuzifanyie mazoezi. Toeni laini na kadi ya kumbukumbu kwanza. Betri iliyovimba msiitoboe wala msiichanganye na nyingine mfukoni. Ileteni peke yake ndani ya kopo la mchanga mkavu.