Umeme ukikatika, mtandao usikatike

Mhariri,

Vijijini kwetu Tanzania, umeme ukikatika, saa moja au mbili baadaye mtandao wa simu nao unapotea. Lawama zote huenda kwenye umeme, lakini mara nyingi ubovu uko kwenye kabati la betri za akiba chini ya mnara wa simu.

Mitambo ya mnara hutumia volti 48. Minara mingi hupata kiasi hicho kwa betri 24 za volti 2 zilizoungwa mfululizo, na ikifa moja tu safu nzima inadhoofika. Adui mkubwa wa betri hizi ni joto. Betri ya madini ya risasi iliyotengenezwa kufanya kazi kwenye nyuzi joto 25 ikishinda kwenye nyuzi 35, maisha yake hupungua karibu nusu. Inatosha feni ya kabati izibwe na vumbi.

Kinachoudhi ni ukaguzi wa juujuu. Fundi anapima volti chaja ikiwa inafanya kazi, anaona 54, anaondoka. Hapo hata betri mbovu huonekana nzima! Kipimo cha kweli ni kuzima chaja, kuacha betri zibebe mnara, na kupima kila moja mpaka ya kwanza ishuke karibu na volti 1.8. Muda huo ndio uandikwe.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo tayari hupima ubora wa huduma, idai takwimu hizo kwa kila mnara na kuzitangaza. Mjamzito anayehitaji gari la wagonjwa usiku hawezi kusubiri umeme urudi.

Fundi wa mitambo ya simu,
Dodoma