Nusu ya pili ya lile jiwe

Tusa mwanangu,

Hujambo mama yangu. Sisi huku Uyole wazima, baridi ya Juni ndo imeshaingia, baba yako anashinda na koti mpaka mezani, na bibi Tukuyu anakusalimia sana, amesema parachichi zikikomaa utaletewa. Barua hii naichapa kwenye simu usiku huu, kesho naiprinti pale steshenari ya stendi naipa basi la Iringa, metroni atakupa. Usiisome saa ya prepu, isome ukiwa umetulia.

Nataka nirudi kwenye swali lako la Matema. Ile Desemba ulitembea ufukweni toka asubuhi mpaka jua la utosi, umeinama, unaokota jiwe unaligeuza unatupa, unaokota lingine, na mimi nilijua unachotafuta, unatafuta ndugu yake lile jiwe la kabatini sebuleni, lile lililokatwa lenye vyumba vyumba ndani. Hukupata hata moja. Jioni tumekaa tunasubiri mbasa ikaangwe ukasema huku kwetu Mungu hakuweka kitu, halafu ukaniuliza, mama, lile jiwe nusu yake nyingine iko wapi, nikakujibu ilipotea tulivyohama. Haikupotea Tusa. Ipo. Na nimekaa miezi yote hii lile jibu limenikaa kooni, kwahiyo leo nakwambia toka mwanzo.

Kwanza kuhusu Matema, maana sikutaka uondoke na fikra kwamba hukutafuta vizuri. Ungeokota mpaka Pasaka usingepata. Lile jiwe ni mnyama wa bahari ya chumvi aliyegeuka jiwe, anaitwa nautilasi, na maji yasiyo na chumvi kama ya ziwa Nyasa hajawahi kuyaishi hata siku moja. Halafu yale mawe ya pale ufukweni yanashuka kutoka milima ya Livingstone, ni miamba ya zaidi ya miaka bilioni moja, imepikwa na kukandamizwa chini ya ardhi mpaka inang'aa vile ulivyoona, na wakati inatengenezeka duniani hapakuwa na mnyama yeyote mwenye gamba. Ulikuwa unatafuta mjukuu kwenye nyumba ambayo hata babu hajazaliwa.

Sasa huyo nautilasi. Pweza na ngisi unawajua, wale tuliokula Dar wanakaangwa barabarani, basi huyu ni wa ukoo wao ila wenzake waliacha gamba la nje yeye akabaki nalo. Anaishi kwenye chumba kimoja tu, kile cha mwisho cha mdomoni, akikua anasogea mbele na nyuma yake anajenga ukuta, anasogea tena anajenga mwingine, mpaka akiwa mkubwa wa leo ana vyumba kama 30 hivi. Na kuta zote hizo zimetobolewa, unapita mrija mwembamba wa nyama kuanzia mbele mpaka chumba cha kwanza kabisa alichozaliwa nacho, kazi ya huo mrija ni kunyonya maji yaliyobaki vyumbani, hewa inaingia taratibu, ndo maana gamba zito vile halizami, linaelea katikati ya maji. Akitaka kutembea anapuliza maji anakwenda kinyumenyume. Bado wapo hai, upande wa Ufilipino na Indonesia na Australia huko, wana minyiri kama 90 na jicho lisilo na lenzi, ni tundu tu. Ukoo wao una karibu miaka milioni 500, na wa kale wengi hawakujiviringisha, walikuwa wamenyooka kama pembe, wengine urefu wa mita kadhaa.

La kwetu lilitoka Uingereza kama unavyojua, ila sijawahi kukusimulia siku yenyewe. Nilikwenda Southampton Septemba 2010 kusoma mwaka mmoja, wewe una miaka miwili, nikakuacha Tukuyu kwa bibi. Sitaki kuandika sana kuhusu hiyo miezi ya kwanza. Kulikuwa na dada mmoja tunasoma naye, akaona nashinda chumbani wikiendi zote, akaniburuza Jumamosi moja tukapanda treni mpaka Axminster halafu basi tukashuka Charmouth, mji mdogo karibu na Lyme Regis, pwani ya kusini. Ukuta wa mwamba mweusi wa matope, bahari ya kijivu, watu wameinama kila mahali wanaangalia chini. Nikauliza wanatafuta nini. Visukuku, mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Ile pwani ilikuwa sakafu ya bahari miaka kama milioni 195 mpaka 200 iliyopita na kila mwamba ukiporomoka vinatoka vipya, bahari inaviosha inavimwaga kwenye changarawe.

Nikaanza kwenda kila nikipata nauli. Nilichogundua ni kwamba kwa zile saa nne tano nikiwa nimeinama sikuwa nalia. Ndo hivyo tu.

Kuna mzee mmoja wa pale alinifundisha. Wageni wanakwenda na nyundo wanapiga mwamba, alisema, wakati mwamba unaweza kukuangukia na vitu vizuri vipo chini ya miguu yao. Angalia ratiba ya maji kabla hujatoka nyumbani, uende maji yanapokupwa, maana yakijaa yanafika mpaka kwenye ukuta na huna pa kukimbilia, na kweli watu huwa wanaokolewa pale. Nenda baada ya dhoruba, majira ya baridi, siyo kiangazi wakati watu wameshaokota kila kitu. Na bahari inapanga vitu kwa uzito, hicho ndo kilinishangaza, yale ya madini yanayong'aa kama dhahabu ni mazito, kwahiyo ukiona misumari ya zamani na vipande vya chuma vimekusanyika mahali fulani chuchumaa hapohapo. Cha mwisho alisema usitafute jiwe, tafuta mpangilio, mistari iliyokaa sawa kwa sawa.

Wengi wanaokota amonaiti, mnyama mwingine wa kale wa bahari mwenye gamba la vyumba, ndo wengi zaidi, wameviringika kama kamba iliyokunjwa na mbavu mbavu juu. Nautilasi ni wachache. Ukitaka kumtambua ni hivi: ni mnene, mzunguko wa mwisho umefunika karibu yote ya ndani, mgongo laini. Zile kuta zake zikionekana kwa nje zinachora mstari mwepesi wa kupinda, wakati amonaiti mistari yake imejikunja kunja kama majani ya kabichi. Na lile tundu la mrija, kwa nautilasi linapita kama katikati ya ukuta, kwa amonaiti limebanwa ukingoni upande wa nje. Hata ukipata kipande kilichovunjika unamjua, kuta zake ni kama vibakuli vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine.

Mimi nililiona Februari, upepo ulikuwa umepiga siku tatu, mikono imekufa ganzi, nimeona kibakuli kimetokeza kwenye bonge la jiwe la kijivu. Nikajua kabla sijagusa. Lilikuwa kubwa kama ngumi mbili za baba yako. Kitaalamu wa aina hiyo wanaitwa Cenoceras. Pale kuokota yaliyolegea ufukweni kunaruhusiwa, kuchimba mwamba ndo marufuku, na kitu cha pekee sana unatakiwa ukakiandikishe. Mzee akalichukua kwake kwenye shedi akalikata katikati kwa msumeno wa mawe akaling'arisha, akanipa nusu zote mbili. Vyumba vya nyuma vimejaa fuwele nyeupe, cha mbele kimejaa tope, maana alipokufa mlango ulibaki wazi na matope yakaingia.

Pale Lyme nilijifunza pia habari za Mary Anning, nawe zijue maana unasoma sayansi. Alizaliwa 1799, baba yake fundi seremala akafa 1810 akawaachia madeni, binti akawa anaokota visukuku ufukweni anawauzia watalii ili wale. Yeye na kaka yake walimfukua mnyama wa bahari anayeitwa ikthiosa kati ya 1811 na 1812, na 1823 akapata plesiosa mzima, mnyama mwingine wa bahari mwenye shingo ndefu. Mabwana wa London waliandika juu ya alivyovipata na mara nyingi hata jina lake hawakulitaja, na chama chao cha jiolojia hakikupokea mwanamke mpaka 1919, yeye alishafariki 1847. Mbwa wake aliuawa na maporomoko ya ule ule mwamba, yeye mwenyewe alinusurika chupuchupu. Nilikuwa nampitia kaburini nikiwa na muda.

Sasa sikia hili la mayai. Amonaiti na nautilasi waliishi pamoja mamilioni ya miaka, halafu miaka milioni 66 iliyopita amonaiti wakaisha wote, wakati uleule wa dinosa, nautilasi akanusurika. Wataalamu wengi wanaona sababu mojawapo ni watoto. Amonaiti walitaga vijiyai vidogo sana, watoto wanaelea juu juu ya bahari, na huko juu ndiko chakula kilikatika. Nautilasi jike anataga mayai machache makubwa, moja moja, anayabandika kwenye mwamba, na yai linakaa karibu mwaka mzima, mtoto akitoka ana gamba lake na vyumba vyake tayari. Mwaka mzima Tusa. Nilisoma hilo maktaba nikafunga kitabu nikatoka nje.

Niliporudi 2011 nilikuwa nimepanga, nusu moja ya kwangu nusu ya kwako. Nimeshuka Tukuyu na begi, wewe uko uani kwa bibi, nimechuchumaa nikakunyooshea lile jiwe, ukaniangalia, ukakimbia ukajificha kwenye kitenge cha bibi ukalia. Hukunijua. Ilichukua wiki tatu ukubali nikuogeshe. Ile nusu yako nikaifunga kwenye sweta lako la kitoto nikaiweka chini kabisa ya sanduku langu, na kila ukiuliza nasema ilipotea, maana sikuweza kuishika bila kukumbuka ile siku. Wewe huna kosa lolote, ulikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Na kuhusu Mungu wa huku kwetu, hapana mama. Bonde la Rukwa, hapo Songwe ambako mpaka 2016 palikuwa Mbeya yetu hii hii, wamefukua dinosa kama wa miaka milioni 100, Rukwatitan wakampa jina 2014, mwingine 2017 wakamwita Shingopana, kwa Kiswahili kabisa, halafu 2019 akaja Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu ya mto Mtuka na mfupa wa mkia wenye umbo la moyo. Bonde la Ruhuhu, mto unaoingia ziwa lilelile la Nyasa, ndiko alikotoka Asilisaurus kongwe, ndugu wa karibu wa dinosa, wa zamani kuliko wote hao. Hivyo havichimbwi hovyo lakini, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali, ukikuta kitu unaacha kilipo, unapiga picha, unatoa taarifa. Na magamba ya bahari kwa nchi yetu yako pwani, Lindi pale Tendaguru amonaiti wamo kwenye miamba ileile ya dinosa. Ukimaliza Form Six tutakwenda, nimeshaanza kuweka akiba na baba yako anajua.

Jumapili ya wazazi nakuja na basi la alfajiri. Nitaleta sabuni, karanga, sukari, na hiyo nusu yako, bado iko kwenye sweta. Iweke ndani ya tranka iwe kavu, usiipake mafuta wala lotion, na ukiigeuza juani tazama ukuta wa nne kuhesabu toka mdomoni, tundu la mrija linaonekana vizuri hapo kuliko kwenye nusu yangu.

Mama yako