Mkanda Mpya, Kelele Ileile

Wateja wengi wanaotuletea gari linalolia asubuhi wanakuja na mkanda mpya wa injini mkononi, bado uko kwenye karatasi yake. "Fundi, nifungie huu." Tunaupokea, ila hatukimbilii kuufunga. Kwenye gari lenye umri, mkanda mara nyingi unalia kwa kosa la kifaa kingine, na ukifunga mpya bila kukitafuta, baada ya muda mfupi kelele inarudi.

Chukua Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A. Mkanda wa altaneta, ile inayozalisha umeme wa gari, ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji, na pawa steringi, inayolainisha usukani, ina wake. Kwa hiyo kwanza tunatafuta ni upi unaolia. Tunawasha taa kubwa na feni ya ndani. Kelele ikizidi, tunautazama wa altaneta. Tunakata usukani hadi karibu na mwisho. Ikizidi hapo, ni wa pawa steringi.

Kisha tunaurushia maji kidogo upande wa mifereji, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kelele ikipanda, mkanda umelegea au unateleza. Ikiwa ni mlio wa kukatikakatika, kama kifaranga, ukanyamaza kidogo na kurudi maji yakikauka, basi kuna puli, yaani gurudumu linalozungushwa na mkanda, isiyokaa kwenye mstari na wenzake. Mara nyingi hii inatokea baada ya altaneta ya mtumba kufungwa na bolti zisizo zake.

Mkanda ukishatoka, kazi yenyewe ndiyo inaanza. Kila puli tunaizungusha kwa mkono. Altaneta nzima inazunguka kimya. Ikikwaruza, beringi zimechoka. Puli ya pampu ya maji tunaitikisa, na chini yake tunatafuta alama ya kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka. Tunapapasa pia kava ya tapeti, ule mfuniko wa juu wa injini, na mipira ya pawa steringi, maana oili ikidondokea mkanda, mpira unavimba na kulainika, na hakuna kukaza kutakakousaidia. Mkanda wenyewe ukiwa unang'aa, umeungua kwa kuteleza. Usingoje uone nyufa: mikanda mingi ya sasa inalika mifereji taratibu bila kupasuka.

Kuhusu sabuni na dawa za kupulizia: zinanyamazisha kwa siku chache, kisha vumbi linanata. Na yule anayekaza mpaka mkanda unalia kama gitaa ukiugusa anahamishia gharama kwenye beringi za altaneta na pampu. Sisi tukibonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili, tunataka uingie kidogo, kama sentimita moja.

Taa ya betri ikiwaka barabarani na mshale wa joto ukaanza kupanda, simama na uzime injini hapohapo. Mkanda umekatika, pampu haizungushi maji. Usiseme "ngoja nifike nyumbani", silinda hedi (kichwa cha injini) ikipinda bili yake haifanani hata kidogo na ya mkanda.

Ukitaka tulikague gari lako, lilete jioni lilale hapa tuliwashe wenyewe asubuhi likiwa baridi, kwa kuwa kelele nyingi hupotea injini ikipata moto. Na tafadhali usioshe injini kabla ya kuja. Ule uchafu wa oili ndio unaotuonyesha inavujia wapi.